Malkia Hajambo

Kambini, 12 Januari

Shemeji yangu,

Nimefika salama, isipokuwa mgongo, ambao nadhani uliteremka njiani. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji kwa saa kumi na moja. Nisalimie watoto, nisalimie kaka, mwambie soksi alizonipa zimenifaa hata kama moja ni ya kijani.

Huku simu inashika juu ya kilima kimoja tu, na juu ya kilima hicho kuna foleni ya wanaume wanaotaka kuzungumza na wake zao, kila mmoja akisikia ya mwenzake. Nimeona afadhali niandike. Barua zinaondoka na lori la saruji kila baada ya wiki mbili, lori likipenda. Kazi yenyewe haina shida: wapimaji wanarudi jioni na namba zao, mimi nachora ramani ya bwawa ambalo bado halipo. Nachorea kwenye hema, na upepo ukivuma bwawa linahama meza.

Sasa lililo moyoni. Najua hukuwapenda sisimizi wangu tangu siku ya kwanza. Najua pia ulikubali kwa sababu nilikuomba mbele za watu, siku ya kuagana, wakati mtu hawezi kusema hapana. Nilifanya makusudi, unisamehe. Lakini katika nyumba ile ni wewe tu unayeshika neno lako. Kaka angeniahidi na kusahau kabla hajafunga mdomo.

Kwa hiyo narudia, ingawa niliandika yote kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kisanduku cha kioo kisiguswe na jua. Kile kitambaa chekundu kibaki juu yake, wao hudhani ni giza. Tone moja la maji ya sukari kwenye kizibo kila siku ya tatu. Mdudu mmoja kwa wiki, mbu anatosha. Pamba isikauke. Ukingo wa juu upake mafuta ya kujipaka, wasije wakapanda wakatoka, maana wakitoka kaka atapata sababu. Usiwapulizie pumzi. Na ukitoka kazini na harufu ya dawa zenu za kufulia, naomba ukoge kwanza.

Malkia ndiye yule mkubwa. Hutoka mara chache, ukimwona usipige kelele. Nilimwokota peke yake miaka mitatu iliyopita, leo wapo kama mia nne. Chuo nilikiacha, gitaa nililiuza, yule mchumba mliyemjua aliniacha mimi. Hawa ndio kitu pekee nilichokianza kikaendelea.

Narudi Desemba. Wewe niandikie tu Malkia anaendeleaje.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


Nyumbani, 3 Februari

Shemeji,

Barua yako imefika na saruji ndani, ilibidi niikung'ute nje kabla ya kuisoma. Hapa wote wazima. Mkubwa amepanda darasa. Mdogo ameng'oka jino, amelipoteza, na nyumba nzima inalitafuta. Kazini tumeletewa mashine mpya ya kufulia. Inafua vizuri mno, ila ikimaliza haifungui mlango, kwa hiyo mashuka ya wodi nzima yako ndani tangu Jumatatu, masafi kabisa, tunayatazama kupitia kioo.

Habari kubwa ni kaka yako. Amechaguliwa mwenyekiti wa mtaa. Wagombea walikuwa wawili, mwenzake akaugua. Tangu siku hiyo humu ndani hatuzungumzi tena, tunafanya vikao. Kila Jumamosi baada ya chai tunakaa sebuleni na ajenda mezani, na binti yetu mkubwa ndiye katibu. Juzi nilisema chumvi imekwisha, nikaambiwa nisubiri mengineyo.

Ajenda ya tatu ilikuwa chumba chako. Mwenyekiti anasema hawezi kupokea wananchi sebuleni huku nguo zimeanikwa, anahitaji ofisi, na ndani ya nyumba hii kuna chumba kizima kinakaliwa na wadudu. Nikamwambia mwenye chumba anarudi Desemba. Akasema suala hilo ataliangalia.

Jumanne nikiwa kazini aliliangalia. Anasema aliingia na birika kusafisha rafu, na maji ya moto yakazidi. Sehemu fulani ilipata maji. Usiwe na wasiwasi, nimeshughulikia.

Sisimizi wako wapo na wanakula. Wamepungua kidogo. Halafu wamekuwa wadogo wadogo, na wekundu kiasi, nadhani ni hali ya hewa. Sukari ya jikoni wanaipenda sana, utafikiri walizaliwa humohumo jikoni.

Malkia hajambo.

Mimi bado siwapendi, nisikudanganye.

Shemeji yako


Kambini, 22 Februari

Shemeji yangu,

Salamu zako nimezipata. Waambie watoto nimecheka habari ya jino. Huku tumeanza kuchimba, kwa hiyo ramani zangu zote sasa zina mashimo ambayo sikuyachora. Nilikwenda stoo kuomba penseli. Karani wa stoo alinisainisha mara tatu kwa penseli moja, akaniuliza ile ya zamani iko wapi, nikarudi hemani kumletea kipande. Ana mwandiko mzuri sana.

Umeniandikia kwamba Malkia hajambo. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi. Nashukuru. Kuhusu rangi sina la kusema, hali ya hewa hufanya mengi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi ya kaka. Nimemwambia chumba ni changu mpaka Desemba, na kisanduku hakiguswi na mtu mwingine ila wewe. Alikuwa akinisikiliza zamani, labda bado.

Usiache kuniandikia. Wenzangu humu hemani wakipata barua ni kesi za mipaka na nani kamtukana nani msibani. Mimi peke yangu napata habari za sisimizi. Lori likifika wananiuliza kwanza: Malkia hajambo? Hata dereva anauliza.

Shemeji yako,
Mchora Ramani

Karani wa stoo anakusalimia. Nilimsomea kidogo.


Nyumbani, 15 Machi

Shemeji,

Nisalimie hema zima, na dereva. Mwambie na huyo karani nimepokea, na kama anapenda kusainisha watu nitamtumia mwenyekiti wangu wakasainishane.

Karatasi yako ilisomwa kikaoni. Mwenyekiti alisema imepokelewa, akaigonga muhuri. Hukujua, amechongesha muhuri. Amegonga bili ya maji, amegonga ripoti ya shule, Jumapili nilimkuta anautazama ukuta. Chumba kimeahirishwa hadi Desemba, lakini tayari ameshakipima kwa hatua zake, kwenda na kurudi, na ameandika.

Mvua zimeanza. Ile mashine mpya imekufa rasmi, tumerudi kuanika nje nyuma ya wodi. Wiki iliyopita mvua ilikatika alasiri, wakatoka wale sisimizi wenye mabawa, wakaja kujaa kwenye mashuka meupe. Miaka kumi na mbili nimekuwa nikiwakung'uta na kulaani. Safari hii nikamwona mmoja mkubwa ametua karibu na mkono wangu. Akatembea kidogo, akajipinda, akayang'oa mabawa yake mwenyewe, moja moja, kama mtu anayevua koti akiwa amefika kwake. Halafu akaanza kutafuta pa kuingia. Nilisimama na lile shuka mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Sasa nina swali, kwa kuuliza tu. Mtoto ana zoezi la shule. Malkia mgeni akiwekwa pamoja na sisimizi wasio wake, ambao hawana malkia, watampokea?

Nijibu mapema, zoezi lina tarehe.

Malkia wako hajambo.

Shemeji yako


Kambini, 9 Aprili

Shemeji yangu,

Lori lilizama kwenye matope wiki mbili na barua yako ikiwa ndani. Karani wa stoo ndiye aliyepanga watu, huyu kamba, huyu jembe, akaandika majina ya waliosukuma na ya waliosimama kutazama. Mimi nilisukuma. Lilipotoka alinipa soda na kunisainisha.

Mwambie mtoto hivi, na amwambie upesi: watamuua. Hawataangalia kwamba hawana malkia. Harufu yake si yao, watamshika miguu kila mmoja upande wake. Malkia mgeni akae peke yake. Chupa ndogo ya dawa inafaa, maji nyuma yake na pamba katikati, halafu giza. Asilishwe. Atakula mabawa yake kwa ndani, yaani nyama iliyokuwa ikiyapigisha yale mabawa, atataga, atalea wa kwanza kwa mate yake. Mtoto asimchungulie kila saa. Mara moja kwa wiki, tena kwa haraka. Ndicho kitu kigumu kuliko vyote, kutochungulia.

Zoezi zuri. Mwalimu wake namvulia kofia.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


Nyumbani, 28 Mei

Shemeji,

Nimechelewa, usinune. Mdogo aliugua mafua akaambukiza kila mtu kwa zamu, na hospitalini tulipokea mashuka ya wodi mpya bila kupokea mtu wa kuyafua. Mkubwa amekuwa wa tatu darasani. Alipoleta ripoti, baba yake alimpongeza na kumwomba aziandike pongezi hizo kwenye muhtasari wa kikao.

Jibu lako lilifika zoezi limekwisha. Yule mgeni walimfanya vilevile ulivyosema, mmoja kila mguu. Nilijaribu kuwatenganisha kwa kijiti cha meno. Sikula jioni ile, nikasema kichwa kinauma.

Lakini mvua zilirudi, na mtoto alipata zoezi jingine. Huyu wa pili amewekwa kwenye chupa ya dawa ya macho, peke yake, na nyuma ya chupa nimekunja taulo jeusi. Kuchungulia nilichungulia, nikiri. Wiki ya kwanza nilichungulia kila siku. Ya pili nikaona kitu kama punje za chumvi, sita, anazihamisha kwa mdomo akizilamba. Jana nilipotoka kazini nilikuta mmoja ana miguu. Mdogo sana, rangi ya chai, hajui aende wapi. Nikamwekea tone la sukari kwa ncha ya sindano. Akanywa, akageuka, akaenda kumpa mama yake.

Wale wekundu wamehamia jikoni kwa hiari yao.

Nikuambie jambo. Siku hizi nikitoka kazini naoga, naingia chumbani kwako, nafunga mlango, nakaa dakika kumi. Hakuna anayeniita. Wanajua mama anaangalia sisimizi wa baba mdogo, na kwa kuwa ni wa baba mdogo, hakuna wa kunikataza. Ungekuwa ni ushonaji wangu au usingizi wangu, mlango ungegongwa mara sita.

Mwenyekiti ameshachongesha kibao cha mlangoni. Amekiweka chini ya kitanda, kinasubiri Desemba. Kwa hiyo usiache kuandika kwenye kila barua kwamba unarudi. Yeye husoma mistari ya mwisho tu.

Malkia hajambo. Hii ni kweli.

Shemeji yako


Kambini, 20 Juni

Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini mafua yamekwisha. Nina habari, na nimeichana barua hii mara nne.

Mimi na karani wa stoo tumekubaliana. Sijui ilianzaje. Labda ni ile penseli. Amenipangia meza, amenipangia nguo, na kichwa changu sasa kina rafu. Wamenipa mkataba wa miaka mitatu na nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Desemba sirudi kuishi, nitakuja kuwaonyesha tu.

Lakini yeye hawezi kuona mdudu. Mwaka jana siafu waliingia stoo wakamkuta amelala juu ya magunia. Habari za Malkia anazipenda kwenye karatasi. Kwenye nyumba hapana, amesema wazi, na mimi nimesaini.

Kwa hiyo, shemeji, nimekufikiria wewe. Nusu mwaka umebeba mzigo ambao hukuutaka, kwa neno ulilotoa mbele za watu. Nimeona aibu. Nakufungua. Kisanduku kimwage nje, au mpe kaka birika lake. Sitauliza chochote. Chumba na akichukue, aweke hicho kibao, apokee wananchi. Nitamwandikia mwenyewe rasmi, nangoja tu jibu lako.

Pumzika sasa.

Shemeji yako,
Mchora Ramani


Kambini, 18 Agosti

Shemeji,

Salamu kwenu nyote. Lori limekuja mara nne bila barua yako. Dereva ameapa hajaangusha kitu. Hemani wananiuliza, nawaambia mambo ni mengi nyumbani.

Ulipata ile ya Juni? Ya kaka nimeiandika, nimeifunga, iko mezani. Sitaki ifike kabla hujasema neno. Kama nimekukosea, niambie ni wapi.

Mchora Ramani


Nyumbani, 2 Septemba

Shemeji,

Sisi wazima. Hongera kwa uchumba, nimefurahi kweli, wewe ulihitaji mtu wa kukusainisha.

Barua yako ya Juni ilifika tarehe saba Julai. Iko kazini, chini ya mashuka ya wodi ya wazazi, mahali ambapo hakuna mwanamume anayefunua. Kaka yako akiuliza namwambia njia mbaya, lori limezama. Kwenye mtaa huu hilo lori limezama mara nyingi kuliko kwenu huko.

Sasa nisikilize, maana nimechoka kupamba. Sisimizi wako walikufa Januari. Wote. Niliporudi kazini siku ile ya birika nilikuta maji bado ya moto na wao wanaelea. Malkia wako nilimtoa kwa kijiko, nikamzika kwenye kopo la maua, nikalia, na nilipokuwa nalia nikajiuliza nalilia nini, wadudu niliokuwa nawachukia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekupa neno langu, na mtu mwingine akalimwagia maji bila hata kujua kwamba lipo pale. Jioni nikakusanya wale wa jikoni. Mengine nilikuandikia, nadhani ulikuwa unaniamini. Unisamehe kwa hilo.

Lakini huyu wa chupa si wako. Nimemtoa mwenyewe kwenye shuka, na yule wa kwanza waliyemuua nimemlilia mimi. Ana watoto sitini na tatu, juzi nimewahamishia kwenye kisanduku. Unasema unanifungua. Nani alikuambia nimefungwa?

Nina mume, watoto wawili, mashine tatu, wasaidizi sita, na kikao kila Jumamosi. Wote nawapenda, hata mashine moja. Lakini humu ndani hakuna droo nitakayofungua nikakuta kitu ambacho ni changu tu. Nilikuwa sijui kwamba nakitaka. Ningejua ningekitafuta mapema, na pengine kingekuwa kitu cha heshima zaidi, cherehani au kuku.

Ukiacha chumba, kibao kinatoka chini ya kitanda siku hiyohiyo na birika linafuata. Sisimizi wakiwa wako, kwa kaka yako ni wa ndugu yake, anasita kuwagusa. Wakiwa wangu, ni uchafu. Kwa hiyo nakuomba, na wewe unajua mimi si mtu wa kuomba: ile barua mezani iache hapo. Mwandikie unarudi. Desemba ikifika mwandikie umechelewa. Mwaka kesho tutaona.

Shemeji yako


Kambini, 21 Septemba

Shemeji yangu,

Sina salamu ndefu leo.

Nilijua. Nilijua tangu Februari. Wangu walikuwa weusi kama wino, na sisimizi habadiliki rangi hata ukimhamishia mbinguni. Nilipomaliza kusoma nilikwenda nyuma ya matangi ya maji nikakaa huko peke yangu. Miaka mitatu, shemeji. Niliporudi hemani wakaniuliza Malkia hajambo, nikasema hajambo.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia usingekuwa na sababu ya kuandika tena. Kaka hajaniandikia hata mstari. Na uliponiuliza habari ya malkia mgeni nilijua hakuna zoezi lolote, nikajibu mbio nikiomba lori lisizame. Nilipokuambia nakufungua nilidhani nakufungua pia kutoka kwenye uongo. Nilidhani bado unawachukia, unawalisha kwa sababu ya aibu tu. Sikusoma vizuri. Ulikuwa umeniandikia, dakika kumi na mlango, lakini kichwa changu kilikuwa stoo.

Sasa baya. Barua ya kaka haipo mezani. Mchumba wangu aliingia kufagia, akakuta bahasha imefungwa, ina anwani, imekaa tangu Agosti. Kwake bahasha iliyofungwa haikai. Aliipeleka kwenye lori tarehe kumi na mbili, kabla ya yako kufika, na akaja kuniambia kwa furaha kwamba amenisaidia. Sikuweza kumgombeza. Nimeandika humo kwamba chumba ni cha kaka, nimetia na saini.

Hii haitaiwahi ile. Mfiche Malkia mahali, shemeji. Wewe una akili kuliko sisi wote.

Mchora Ramani


Nyumbani, 20 Oktoba

Shemeji,

Watoto wazima, mimi mzima, na hata kaka yako ni mzima, ingawa amepungua maneno.

Barua ilifika Jumamosi, chai ikiwa bado mezani. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti yote, akaigonga muhuri mara mbili, akamtuma katibu alete kibao na nyundo. Ajenda ikawa moja. Mimi nilishaanza kupiga hesabu ya kuwaficha: kuna bomba la mvuke kazini, nyuma yake pana joto na giza, hakuna anayefika. Nilikwisha kuinuka nikachukue kitambaa cha kuwafunikia. Nikaona nitakwenda hivyo mpaka lini, nikimtoroshea mdudu hospitalini chini ya kanga, mtu mzima mwenye wasaidizi sita.

Nikaomba kusema. Nikaambiwa nisubiri mengineyo. Sikusubiri.

Nikasema, "Wale sisimizi ni wangu. Na chumba nakitaka mimi."

Kaka yako akasema ni wa ndugu yake, kila mtu anajua. Nikamwambia, "Wa ndugu yako uliwachemsha Januari. Hawa nimewalea mimi."

Katibu aliacha kalamu hewani. Akaniuliza, "Mama, niandike?" Nikamwambia aandike, tena aanze na Januari. Basi ndiyo mara ya kwanza kaka yako amesikia alichokifanya. Nilidhani atabisha. Alitazama birika pale mezani kama limemsengenya. Halafu akakimbilia kwenye utaratibu, akasema jambo zito namna hii linahitaji kura, akijua katibu hana kura kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe. Yeye akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha. Tukamgeukia mdogo. Kumbe mtoto huyu amekuwa akikusanya mbu kwenye kibiriti na kuniwekea dirishani tangu Juni bila kuniambia, mimi nikidhani wanakufa dirishani wenyewe. Akanyoosha mikono yote miwili. Mwenyekiti akaomba kura zihesabiwe upya. Tulikuwa watu watatu, tukahesabu upya.

Jumatatu alasiri nikiwa ndani nikasikia mlango unagongwa. Miaka kumi na sita ya ndoa, sijawahi kumsikia akigonga mlango wa ndani ya nyumba hii. Nikamwambia ingia. Akakaa kitandani, nikainua kile kitambaa chekundu, tukatazama. Malkia alikuwa katikati, wenzake wanamzunguka, wengine wanabeba mayai, wengine wanasafisha. Aliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mkubwa ndiye mwenyekiti wao?"

Nikamwambia hapana, huyo anafanya kazi.

Alicheka, shemeji. Sikutegemea. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, na ndani ya kucheka akasema samahani kwa wale weusi. Amesema atakuandikia mwenyewe. Ukiona barua ina mihuri mingi, ndiyo hiyo. Ofisi ameifungua barazani, wananchi wanakaa kwenye benchi na upepo unawapata, na wengine wanasema afadhali. Mimi nimenunua kitasa. Ufunguo ni mmoja, naulalia.

Kwa hiyo usijilaumu, na usimlaumu mchumba wako. Kama asingefagia, mimi ningekuwa bado nadanganya kwa zamu, leo lori, kesho hali ya hewa. Mwambie namshukuru, na nimemsainia.

Njooni Desemba. Tutawapokea kwa shangwe, watoto wameanza kuhesabu siku, na kaka yako ameandaa hotuba. Mtalala sebuleni.

Shemeji yako